Doto Hazaliwi Peke Yake

Kwetu Usukumani jina la mtu mara nyingi ni habari kamili. Mapacha wakizaliwa, anayetangulia huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, wawe wa kiume au wa kike. Mtoto atakayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Mimi nilizaliwa mwaka 1972, na walionitangulia tumboni mwa mama walikuwa mapacha. Kwa hiyo, msomaji, jina langu umekwisha kulijua kabla sijakuambia. Na ukilijua jina langu umejua pia kwamba ninao, au niliwahi kuwa nao, ndugu wawili. Jina moja limebeba watu watatu.

Nimeanzia mbali kidogo kwa sababu nataka kusimulia historia ya ufundi mmoja wa kompyuta, ufundi ambao kwa mtazamo wa kwanza hauna uhusiano wowote na mapacha wa Buswelu. Ni ufundi wa kuchukua data iliyopangwa, yaani habari zilizokwisha kutiwa katika safu na mistari, na kuiachia mashine yenyewe itoe humo klasi za lugha ya programu. Nimeishi kwa ufundi huo miaka mingi. Umenilishia watoto wangu, na mara moja ulinifanya nimpoteze mtoto wa mtu.

Kwanza nieleze klasi ni kitu gani. Kila mkazi wa Buswelu amewaona wafyatua matofali. Fundi ana kalibu yake ya mbao. Huijaza udongo, huusawazisha kwa ubao, huinua kalibu, na tofali limebaki chini. Udongo uliozidi mdomo wa kalibu huukwangua na kuurudisha kwenye tope. Klasi ndiyo kalibu ya mwandishi wa programu. Inasema: kila mama atakuwa na jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kadi, na mtoto. Baada ya hapo programu hufyatua akina mama mia au elfu, wote wa umbo moja. Zamani kalibu hiyo ilichongwa kwa mkono, mstari kwa mstari. Kazi hiyo inachosha, na binadamu akichoka hukosea. Ndiyo maana tangu zamani watu walitafuta njia ya kumwonyesha mashine tofali moja lililokwisha kufyatuliwa, kisha mashine ichonge kalibu yenyewe.

Mwanzo wa safari hiyo ni sensa. Mwaka 1890 Marekani ilihesabu watu wake kwa mashine za Herman Hollerith, zilizosoma kadi za karatasi zenye matundu. Kila tundu lilikuwa jibu la swali moja, na mahali pa tundu palikuwa pamepangwa kabla karani hajatoka kwenda nyumbani kwa mtu. Baadaye ikaja lugha ya COBOL, iliyotungwa na kamati kuanzia mwaka 1959 kwa kufuata sana kazi ya mama mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Grace Hopper. Katika COBOL sehemu nzima ya programu ilitengwa kwa kueleza umbo la data tu, kabla ya kusema lolote juu ya kazi itakayofanywa. Maelezo hayo yaliweza kuwekwa mahali pamoja na kunakiliwa na mashine katika programu nyingi, ili makarani kumi wasiandike mambo kumi tofauti. Miaka hiyohiyo kampuni ya IBM ilitoa RPG, ambayo mtumiaji alijaza fomu kueleza taarifa yake ilivyo, na mashine ikatoa programu ya kuichapa.

Neno klasi lenyewe lilizaliwa Oslo, nchini Norwei. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakitaka kuigiza katika kompyuta mambo ya dunia, mithili ya foleni za watu na mwendo wa meli bandarini, na katika lugha yao ya Simula 67 wakaweka klasi: kalibu moja inayozaa vitu vingi vyenye umbo na tabia. Nitarudi kwa Nygaard, kwani habari zake hazikuishia huko kwao.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Tulikuwa tumeanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Lakini mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zuio hilo lililegezwa polepole, hata miaka ya 1990 mashine zikaanza kuonekana katika ofisi za kawaida. Mimi niliiona kompyuta kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, Mwanza mjini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya harusi. Nilikuwa karani. Nilijifunza kuandika programu usiku, kwa vitabu vya kuazima, na kwa kulipia saa katika vyumba vya intaneti ambako ukurasa mmoja uliweza kukumalizia nusu ya nauli ya kurudi nyumbani.

Wakati huo duniani ufundi ninaousimulia ulikuwa umepamba moto. Lugha ya Java ilitoka mwaka 1995. Mwaka 1998 ukatoka utaratibu uitwao XML, ambao ni njia ya kuandika data kiasi kwamba kila habari imefungwa katikati ya alama zinazoitaja kwa jina: hapa mama, ndani yake jina, ndani yake mtoto. Kufika mwaka 2003 Java ilikuwa na chombo rasmi cha kusoma maelezo ya umbo la XML na kutoa klasi, bila mkono wa mtu. Vikatokea na vyombo vingine vidogo vilivyokwenda mbali zaidi: havikuhitaji hata maelezo ya umbo. Ulivipa mfano wa data yenyewe, navyo vikabashiri. Viliona tarakimu vikasema, hii ni namba. Viliona herufi vikasema, haya ni maneno. Viliona kitu kimejirudia vikasema, hii ni orodha.

Tusicheke ubashiri huo, maana lugha yetu yenyewe inaufanya kila siku. Waswahili walipolipokea neno kitabu kutoka Kiarabu, ki- ile haikuwa kiambishi hata kidogo. Ni sehemu ya mzizi. Lakini sikio la Kiswahili liliangalia sura ya neno, likaliona linafanana na kiti na kisu, likalitia katika ngeli yao. Kwa hiyo tukapata vitabu. Madereva nao walipoyasikia maneno ya Kiingereza ya kuwataka washike kushoto kwenye mzunguko wa barabara, wakapata kipilefti, na vikawa vipilefti. Ni kosa, ukipenda. Lakini ni kosa lisilomdhuru mtu, kwa sababu wasemaji wote walikuwapo, na kama lisingefaa wangelikataa.

Sasa nije kwenye mwaka 2006. Buswelu haikuwa kama ilivyo leo. Tulikuwa pembezoni mwa Jiji la Mwanza, mashamba ya mihogo katikati ya mawe makubwa, na mvua ikinyesha daladala ziliishia mbali. Mradi mmoja wa afya ulinipa kazi ya kibarua. Zahanati moja ya upande huu ilikuwa na daftari la akina mama na watoto, na vijana mjini walikuwa wamekwisha kulinakili katika kompyuta. Nilitakiwa niandike programu itakayosoma faili hilo na kila mwezi ichape orodha ya watoto wanaotimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Orodha ingepewa watu wa kujitolea wapite nyumba kwa nyumba.

Nililetewa kwanza mfano wa akina mama thelathini. Nikaupitisha katika kile chombo, na kabla chai haijapoa klasi zangu zilikuwa tayari. Nakiri kwamba nilifurahi. Kazi ya siku tatu nilikuwa nimeimaliza kwa dakika. Niligundua kasoro moja: chombo kilikuwa kimeona namba za kadi ni tarakimu tupu, kikazifanya namba za kuhesabia, na kadi 0047 ikageuka 47. Nikairekebisha kwa mkono na kujiona mjanja. Kisha nikaingiza daftari zima, programu ikasoma mpaka mwisho bila kulalamika, orodha ikachapwa, nikalipwa.

Mwezi wa pili nilikwenda zahanati kuona mambo yanavyokwenda. Mkunga wa pale alikuwa mama wa makamo, aliyewazalisha nusu ya watoto wa eneo lile. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mama." Aliitikia, akanipa orodha yangu mwenyewe, ameweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu, huyu Doto ni wa nani?"

Nikamtajia jina la mama yake lililoandikwa pembeni.

"Mama yake namjua. Nakuuliza Kulwa yuko wapi. Wewe ni Msukuma, tena kwa jina lako hilo. Doto huzaliwa peke yake?"

Nilitazama karatasi nikahisi masikio yanawaka moto. Katika ule mfano wa akina mama thelathini hapakuwa na hata mmoja mwenye mapacha. Chombo kiliona kila mama ana mtoto mmoja katika ukurasa wake, kikaamua kwamba mama ana mtoto, si watoto. Kalibu ikachongwa na chumba kimoja. Programu ilipofika kwa mama wa mapacha ilimweka Kulwa mahali pake. Halafu ikamkuta Doto, ikamweka mahali palepale, na Kulwa akafutika. Hapakuwa na kelele wala onyo. Udongo uliozidi ulikwanguliwa ukarudi kwenye tope.

Mkunga akanieleza yaliyotokea. Mtu wa kujitolea alipita kwa yule mama na karatasi yenye jina moja. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mama, aliyekuwa amezoea kutafuta wa kumsaidia kubeba wa pili, alishukuru kwamba safari hii ameitwa mmoja tu. Akambeba Doto mgongoni na kumwacha Kulwa kwa bibi yake. Alidhani wenye karatasi wanajua sababu.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukosa usingizi usiku ule, nayo sikumwambia mtu. Kulwa wa kwetu alifariki kwa surua kabla sijazaliwa. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975, kwa hiyo katika kifo chake hakuna wa kulaumiwa. Chanjo yenyewe haikuwa imewafikia watu wa kwetu. Huyu wa mwaka 2006 chanjo ilikuwa ndani ya jokofu la zahanati, na aliyemzuia asiifikie alikuwa mimi na kalibu ambayo sikuichungulia.

Kurekebisha umbo kulichukua dakika chache: niliandika kwamba mtoto anaweza kuwa zaidi ya mmoja, nikaamuru chombo kizalishe klasi upya. Hapo nikajifunza la pili. Chombo kilifuta kila nilichokuwa nimekirekebisha kwa mkono, na kadi 0047 ikarudi kuwa 47. Kitu kinachozalishwa na mashine hakirekebishwi kwenye zao, hurekebishwa kwenye chanzo, la sivyo kosa litarudi kila msimu. Halafu ikabaki kuwatafuta waliopotea. Sikuweza kutegemea majina, kwani siku hizi wengi huwapa mapacha majina ya dini au ya kisasa, na Doto anayemshitaki mwenzake kwa jina hapatikani kila mahali. Tulikaa na mkunga siku mbili, tukalipitia daftari la karatasi ukurasa kwa ukurasa. Wote tuliowakuta walichanjwa ndani ya wiki tatu, na Kulwa wa yule mama alikuwa wa kwanza. Hapakutokea surua kijijini katika wiki hizo. Naiita bahati; jina jingine sina.

Tangu hapo nimesoma habari za watu wengine waliokutana na tatizo hili katika Afrika Mashariki yetu, na nimeona kwamba wengi walichagua njia nyingine. Kule Eldoret, Kenya, madaktari na waandishi wa programu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza mwaka 2004 kujenga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS, na mwaka 2006 ukaanza kutumika palepale. Wao hawakutoa klasi kwa kila fomu. Wangefanya hivyo, kila mara daktari anapoongeza swali ingebidi programu ichongwe upya. Waliweka klasi chache za jumla: mgonjwa, ziara, jambo lililoonekana. Maswali yenyewe waliyatia katika kamusi iliyo ndani ya data, ambayo mtu asiye mwandishi wa programu anaweza kuiongeza.

Njia hiyohiyo ilifuatwa na mfumo wa DHIS2, ambao nchini kwetu hupokea takwimu za MTUHA, yaani vile vitabu vikubwa vya taarifa za huduma za afya ambavyo zahanati zetu zimekuwa zikivijaza tangu miaka ya 1990. Humo kila tarakimu hujibu maswali matatu tu: ni nini, ni wapi, ni lini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuuingiza nchini. Na mfumo huo ulijengwa wapi? Chuo Kikuu cha Oslo, katika mji uleule wa klasi. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, mara baada ya ubaguzi kuanguka, nchi ilipokuwa ikijaribu kuunganisha takwimu za afya zilizotenganishwa kwa rangi za watu.

Hapa ndipo narudi kwa Kristen Nygaard. Baada ya Simula hakukaa akijisifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kwa chama cha wafanyakazi wa chuma wa Norwei, akakaa nao kujifunza kompyuta zitawafanyia nini viwandani, akishikilia kwamba anayefanya kazi lazima awe na kauli katika mfumo utakaompangia kazi. Wale walioanzisha mifumo ya afya Afrika Kusini kutoka Oslo walijiona wanafuata nyayo zake. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka 2002. Kwangu mimi Nygaard aliacha mambo mawili yanayopaswa kwenda pamoja: kalibu, na desturi ya kumwita mfyatua matofali kabla kalibu haijachongwa. Mimi mwaka 2006 nililichukua la kwanza nikaliacha la pili. Laiti ningemwonyesha mkunga klasi zangu kwa Kiswahili cha kawaida, "mama ana mtoto", angenicheka siku ileile.

Sisemi kwamba njia ya Eldoret haina gharama. Kalibu ya jumla hupokea kila udongo, hata usiofaa. Anayeandika umri wa miaka 400 hazuiliwi na umbo, mpaka awepo mtu wa kuandika masharti. Kalibu iliyobana humzuia mjinga na humpoteza pacha. Bado natumia vyombo vya kuzalisha klasi, tena vya leo ni hodari kuliko vile vya ujana wangu. Ila sasa, kabla sijavipa mfano, nauliza swali moja: nani hayumo katika mfano huu? Na swali hilo huwa siulizi kompyuta.

Buswelu imebadilika. Manispaa ya Ilemela ilipoanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yaliwekwa huku kwetu, na pale palipokuwa na mihogo pana ofisi, na watu wanaokuja na bahasha tangu asubuhi. Agosti 2022 makarani wa sensa walipita wakiwa na vishikwambi mikononi, na Watanzania tukatoka watu 61,741,120. Nilikuwapo kwa mama karani wetu alipofika. Alikuwa kijana mpole, aliyesubiri bibi amalize kutafuta miwani ambayo haitumii. Akamuuliza ni nani na nani walilala nyumbani humo usiku wa kuamkia siku ya sensa.

Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, kama ahesabuvyo siku zote: "Kulwa, Doto, huyu hapa, na wadogo zake."

"Bibi," kijana akasema, "Kulwa naye alilala hapa?"

Mama akanitazama. Nikamwambia karani kwamba huyo alifariki zamani, aandike waliopo. Naye akaandika, na alikuwa sahihi, kwani swali lake lilikuwa la usiku mmoja. Hakuna fomu iwezayo kumbeba kila mtu, wala haipaswi. Alipofika kwangu aliniuliza jina. Nikamtajia, akaliandika herufi kwa herufi, akageukia wa pili yangu. Mama alikuwa bado ameinua kidole kile cha kwanza.